Slaidi zako zimegoma kuingia kwenye programu ya video? Soma hii kabla hujatuletea flashi

Haipiti wiki bila mtu kuingia hapa dukani kwetu Sinza, Dar es Salaam, tunapotengeneza video za shughuli, na flashi mkononi anasema slaidi zake za PowerPoint zimekataa kuingia kwenye programu ya kutengeneza video, na wengi wanakuja na presha juu, wanadhani faili limekufa au kompyuta imeingia virusi. Jamani faili lako ni zima kabisa, shida iko sehemu nyingine na ndo nataka niieleze leo taratibu.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mama mmoja, slaidi zake zilikuwa za arobaini ya marehemu mume wake, picha za tangu ujana wao, chini ya kila picha kuna mwaka na mahali, na slaidi ya mwisho ina sauti ya mzee mwenyewe akiwasalimia wajukuu, waliirekodi kwa simu kabla hajaugua. Akaniambia, "Mwanangu, kijana wangu kakesha nayo hii, kila akiivuta kwenye ile programu inakataa, na shughuli ni leo saa kumi." Nikamwambia shikamoo mama, pole sana, kaa kwanza hapa tuiangalie.

Sasa ipo hivi. Programu za video zinakula vitu vitatu tu, picha, sauti na video. Slaidi ukiitazama unaona kama picha lakini sio picha, lile faili la PowerPoint, ambalo jina lake linaishia na pptx, ndani yake kuna maelekezo, yani andika jina hili hapa, tumia fonti hii (yani aina ya mwandiko), saizi hii, halafu mtu akibonyeza hii picha iingie kutokea kushoto, na PowerPoint ndo inayajua kuyasoma hayo maelekezo na kukuchorea kwenye skrini. Programu za video kama CapCut haijui, DaVinci Resolve haijui, Premiere Pro nayo haijui, na hata Windows Movie Maker ya zamani ambayo Microsoft waliachana nayo Januari 2017 ilikuwa hivyohivyo, kwahiyo usimlaumu kijana wako wala kompyuta yake. Camtasia kidogo ina nafuu, inazipokea, ila nayo inazigeuza kuwa picha tu na animesheni zako, yani ile miondoko ya vitu kuingia na kutoka, hazifiki.

Kwahiyo lazima uzigeuze kwanza, na hapa njia ni mbili, kuzigeuza picha au kuzigeuza video, na watu wengi wanaharibikiwa hapa maana wanachukua yoyote iliyo karibu.

Ukitaka picha unaenda File, Save As, unachagua PNG, ambayo ni aina ya faili la picha (achana na aina nyingine ya JPEG kwa slaidi zenye maandishi, kingo za herufi zinakuwa na uchafuchafu, na kwenye skrini kubwa ya ukumbini unaonekana), itakuuliza unataka slaidi moja au zote, unasema zote, inakutengenezea folda. Rahisi kabisa. Ila fahamu kwamba kama hujagusa chochote kwenye mipangilio, slaidi pana inatoka na pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) 1280 kwa 720, na ile ya mtindo wa zamani wa umbo la runinga za kizamani inatoka 960 kwa 720, wakati video ya ukumbini siku hizi tunaifanya 1920 kwa 1080, maana yake programu itaivuta picha ijae na maandishi yanakuwa kama yamefunikwa na ukungu. Na hiyo ya umbo la zamani juu yake inaacha weusi kulia na kushoto. Kingine ni animesheni, picha inachukua slaidi yote kwa mkupuo, kama uliweka picha tatu ziingie moja baada ya nyingine mahali palepale basi utapata zote tatu zimerundikana na ya mwisho imezifunika wenzake. Sauti nayo haiji, na huyo mama sauti ndo ilikuwa kila kitu.

Halafu kuna hili la mpangilio, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilitukuta wenyewe. Kulikuwa na mahafali ya kidato cha nne, slaidi 46, kila mwanafunzi na jina lake kwa mpangilio ambao mshereheshaji atakuwa anawaita. Tukazigeuza picha vizuri, tukazivuta kwenye programu, tukaweka muziki, tukakabidhi. Kumbe PowerPoint inazipa majina Slide1, Slide2, mpaka Slide46, na kuna programu zinazopanga kwa herufi badala ya hesabu, kwahiyo baada ya Slide1 ikaja Slide10, Slide11, mpaka Slide19 ndo ikaja Slide2, na sisi tukaangalia ya kwanza tu tukaona sawa. Ukumbini anaitwa mtoto mwingine inatokea sura ya mwingine, wazazi wamesimama na simu wanasubiri kupiga picha, mtoto anapita mbele na nyuma yake kuna jina sio lake. Tuliwarudishia hela yote na tukawatengenezea nyingine, lakini ile siku haiwezi kurudi. Tangu hapo faili halivutwi hapa kabla halijapewa namba ya tarakimu tatu, 001, 002, 003, na video yote inaangaliwa mwanzo mwisho na mtu ambaye hakuiediti.

Na kwa mnaotumia DaVinci Resolve nyumbani, hii itawaokoa masaa. Ile ikiona picha zenye namba zinazofuatana inadhani ni fremu, yani picha moja moja zinazounda video, za video moja, inaziunganisha zote kuwa klipu moja, slaidi zako 40 kwa fremu 25 kila sekunde zinapita chini ya sekunde mbili, fyuu, umemaliza. Sio kwamba imeharibika, pale unapochagulia mafaili kuna vidoti vitatu, bonyeza, tafuta Frame Display Mode uweke Individual, zitakuja moja moja.

Njia ya pili, ya video, mimi ndo naipenda kama slaidi zina animesheni au sauti. PowerPoint yenyewe inaweza kukutengenezea video tangu toleo la 2010, hilo lilikuwa linatoa faili la video la aina ya wmv, kuanzia toleo la 2013 inatoa na aina ya mp4 ambayo inakubalika karibu kila mahali. File, Export, Create a Video, chagua Full HD (ndo ile 1920 kwa 1080), basi. Kama una ile ya 2007 usihangaike kutafuta, hamna. Kitu cha kuangalia ni muda, usipopanga wewe kila slaidi inakaa sekunde 5, na sekunde 5 kwa slaidi yenye jina na picha ni sawa ila kwa slaidi yenye shairi au wasifu wa marehemu mtu hajafika hata mstari wa tatu imeshaondoka. Mimi nafanya hivi, kwanza naisoma slaidi kwa sauti, taratibu kama bibi anavyosoma bila miwani, huo ndo muda wake. Na kama ni picha tupu na wimbo, nagawanya, wimbo wa dakika 4 na sekunde 10 ni sekunde 250, slaidi 40, kila moja inakaa sekunde 6 na robo, wimbo na picha vinaisha pamoja bila kukata muziki katikati.

Fonti. Hapa ndo bibi harusi wengi wananuna na wana haki. Umekaa na rafiki zako mkachagua mwandiko mzuri wa kujikunja kwa ajili ya majina, kwenye kompyuta yako uko vizuri, ukifungua kwetu hiyo fonti hatuna, PowerPoint inaweka nyingine kimyakimya, majina yanapanuka yanashukia mstari wa pili yanafunika picha. Kabla hujaweka kwenye flashi nenda File, Options, Save, kule chini utaona Embed fonts in the file, weka tiki halafu usevu upya. Na kama faili lako ni la zamani, lile la ppt lisilo na x, nyimbo mara nyingi hazimo ndani, linakumbuka tu njia ya kwenda zilipo kwenye kompyuta yako, kwahiyo lete folda zima na nyimbo zake.

Nawaomba sana pia, msitutumie skrinshoti za slaidi, wala kuipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu. Tuma faili lenyewe, na kama unatuma WhatsApp litume kama dokumenti, ukituma picha kama picha WhatsApp inazikamua na ubora ukishapotea haturudishi.

Turudi kwa yule mama. Kijana wake alikuwa ameshazigeuza picha, kwahiyo sauti imebaki nje na picha zote ni ndogo. Nikamuomba faili la mwanzo, bahati nzuri lilikuwepo kwenye flashi. Faili la pptx ukilinakili halafu nakala ukaibadilisha mwisho wa jina kuwa zip linafunguka kama folda, ndani kuna folda inaitwa ppt, na ndani ya hiyo kuna nyingine inaitwa media, na humo zinakaa picha zako na sauti zako. Picha zilikuwa kubwa kuliko zilivyoonekana kwenye slaidi, ile ya mzee kasimama na baiskeli mpaka mkunjo wa shati unauona. Sauti ya salamu ilikuwa na sekunde 22 na feni inavuma nyuma, tukaipunguza feni, tukaiacha picha ya mwisho itulie sekunde zote 22 bila muziki wowote. Saa nane na nusu akaondoka nayo, na kabla hajaondoka aliisikiliza mara mbili, ya pili alifumba macho.

Kwahiyo, kazi ya shughuli ya Jumamosi tuletee mwisho Jumatano, faili la mwanzo, nyimbo zake, na karatasi yenye majina yaliyoandikwa sahihi. Wa misiba njoo siku yoyote, hata asubuhi ya shughuli, tutasimamisha kingine. Ukishaipokea na kuridhika tunakaa na mafaili yako siku 14 kama kuna marekebisho, baada ya hapo tunayafuta, kwahiyo nakala yako itunze.