YAH: VIBAO MLIVYONIUZIA KWA JINA LA MPINGO

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa kwenye kaunta yenu Jumanne iliyopita mimi sikuipata.

Masharti ya kurudisha mzigo yako nyuma ya risiti yenu, sina haja ya kuwasomea. Vibao 8, shilingi 480,000, na mbele mmeandika "mpingo". Si mpingo.

Nilikuja na kibao kimoja, nimefuatana na mpwa wangu ninayemfundisha kazi. Kijana wenu hakukitazama hata kichwani, pale ncha ya mbao ilipokatwa. Akakitupa kwenye rundo la maranda, akasema: "Mzee, nyeusi ni nyeusi. Kama mbao huzijui, baki na vinyago vyako."

Nyeusi ni nyeusi! Nina miaka 26 na mpingo mkononi. Mpingo mkavu ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama kama jiwe. Vibao vyenu vilielea. Nilikata kichwa cha kimoja kwa patasi kali, nikakilowesha: mistari ya kahawia hafifu ikajitokeza, myembamba kama nyuzi, ikipishana na myeusi, na vitundu unaviona kwa macho tu. Mpingo hauko hivyo. Vitundu vyake ni vidogo mno, na ukiupiga msasa laini unang'aa bila vanishi. Randa mbili tu, weusi wenu wote ukaishia kwenye maranda, chini kahawia. Mmepaka rangi. Kwangu hiyo ni wenge ya Kongo au ndugu yake mpangapanga. Hizo mbili kuzitenganisha kwa macho ni kazi, sibishani. Ni mbao nzuri, ila siyo niliyolipia.

Na sampuli mliyonipa kabla sijalipa ninayo bado. Ile ni mpingo hasa: ukingo mweupe wa njano, kiini cheusi chenye uzambarau ndani yake. Kwa hiyo tofauti mnaijua.

Narudia ya Jumanne, maana hainitoki. Alikitupa. Mpwa wangu akainama kukipekua kwenye maranda, wateja wanacheka, na kijana wenu anaendelea kuhesabu hela. "Baki na vinyago vyako." Vinyago hivyo vimesomesha watoto wangu wanne, na huyo aliyeinama ndiye niliyemwambia kazi hii ina heshima.

Siku ile nilitaka kubadilishiwa tu. Sasa nataka fedha zangu zote ndani ya siku 7, pamoja na nauli ya mzigo. Nataka pia gharama ya visanduku viwili nilivyokwisha kuvitengeneza, ambavyo mteja wangu wa Unguja amevirudisha. Na kijana yule amwombe radhi mpwa wangu, palepale kwenye kaunta.

Mteja huyo anauza nje. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017; karatasi zikisema mpingo na mbao ikawa nyingine, atakayebanwa bandarini si ninyi. Siku 7 zikipita, sampuli yenu na kipande cha kibao vinakwenda Wakala wa Huduma za Misitu, na risiti inakwenda Tume ya Ushindani, inayolinda na wanunuzi. Hapo mtaulizwa na hati ya kusafirishia mzigo huo.

Vibao 6 vilivyobaki viko karakana kwangu. Njooni mvichukue wenyewe, sivibebi tena.

Wenu,
Mchongaji, Mwenge, Dar es Salaam