Barua kwa mdogo wangu: majipu yako ya kwapani si uchafu

Marahaba, mdogo wangu.

Jipu la kawaida huiva, likatumbuka, likakauka, nawe ukalisahau. Lako linarudi palepale. Likiondoka kwapani, baada ya wiki chache liko kinenani, na chini ya ngozi linaacha kivimbe kigumu kama punje ya hindi. Kabla hujanunua sabuni nyingine, simama penye mwanga, inua mkono, utazame kwenye kioo kama kuna vitone vyeusi vilivyokaa viwili viwili mithili ya matundu ya kifungo.

Daktari hutafuta mambo matatu: vivimbe, vitone vya jozi au makovu ya aina hiyo, mahali pake (kwapa, kinena, chini ya matiti, makalio), na kurudi angalau mara 2 ndani ya miezi 6. Yakikutana yote, jina lake ni hidradenitisi sapurativa. Hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha, na usaha ukioteshwa maabara mara nyingi hauonyeshi kitu cha maana. Kwa hiyo andika tarehe na upige picha kila linapotoka.

Shina la unywele huziba, hufura, kisha hupasukia ndani. Mwili huvivamia vilivyomwagika. Haiambukizi, na dodoki halisaidii, linachubua tu. Wembe nao uweke kando.

Kutumbua ndiko kunakowaponza wengi. Siku ile unapata nafuu kweli, na jipu likikaza sana huenda ikabidi, lakini mfuko wake unabaki chini na jipu linarudi. Yakirudia hivyo, huchimba vijia chini ya ngozi. Kijia kikishajengeka, muulize daktari wa upasuaji kuhusu kukifunua paa lote, yaani kuondoa ngozi yote iliyokifunika, si kukitoboa tu.

Ikiwa hali bado nyepesi, oshea klorheksidini (dawa ya kuoshea inayoua vijidudu) ya asilimia 4, iache dakika 2 au 3, suuza. Kisha paka losheni ya antibiotiki iitwayo klindamisini, ya asilimia 1, asubuhi na jioni, kwa miezi 3. Isipotosha, daktari anaweza kukuandikia vidonge vya antibiotiki ya doksisiklini miligramu 100, mara 1 au 2 kwa siku, hadi wiki 12. Imeze kwa glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, mjamzito hapewi. Akitaja rifampisini, antibiotiki inayotumika pia kutibu kifua kikuu (TB), hakikisha kwanza umechunguzwa kifua kikuu, maana ukinacho, dawa hiyo bila zile nyingine za TB huzalisha usugu. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, hilo lisikutishe. Linalotisha ni kwamba rifampisini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na hata kijiti.

Sigara na uzito mkubwa huichochea. Ukipata homa na wekundu unaosambaa haraka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda kliniki ya ngozi, beba kanga, uonyeshe na kinena hata usipoulizwa.