Shukrani kwa mzee wa kanzu ya buluu, Edfu

Tulikuwa tukipanda mto Nile kwa dahabia, mashua ya abiria yenye matanga, kutoka Esna kwenda Aswan, polepole, matanga yakisukumwa na upepo wa kaskazini. Kwenye hekalu la Horus, mungu wa kale wa Misri, mjini Edfu, jua likamzidi mama yangu. Akaketi chini, miguu haina nguvu.

Mzee mmoja akamwingiza kivulini. Akafungua kilemba chake, akakilowesha, akamwekea shingoni. Akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, bila haraka. Kisha akatafuta gari la farasi, akapanda nasi hadi mtoni, akamshika mkono kwenye ubao wa kuingilia chomboni. Pesa alikataa. Jina sikuwahi hata kumuuliza, na hilo linaniuma.

Baba wa kanzu ya buluu, mama alifika Aswan mzima. Kila jioni anakuombea dua.