Otomatiki inafunguliwa, ila si kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye magari pamoja na mafundi wenzangu. Imezoeleka mitaani kwamba giaboksi ya otomatiki ikianza kuteleza haina dawa: itolewe, itupwe, mwenye gari aende Ilala akanunue boksi la mtumba. Upande wa pili wapo wanaolifungua haraka haraka, wanabadilisha klachi zilizoungua, wanafunga, na gari linarudi gereji kabla rangi ya oili mpya haijabadilika sawasawa. Wote wawili wanaikwepa kazi moja, nayo ni kutafuta kilichounguza hizo klachi. Klachi haiungui yenyewe. Inaungua kwa kuwa presha ya oili ya kuibana haikutosha, au ilifika imechelewa, pleti zake zikasuguana badala ya kushikana.

Nitatumia mfano wa U340E ya Toyota, ya gia nne, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye IST za kwanza, Probox nyingi za kabla ya 2014 na Fielder za NZE121. Mwenye Fielder NZE141 ya CVT asinisome akidhani nasema yake. Ile ina mkanda wa chuma na puli, oili yake ni nyingine, na makosa yake ni mengine kabisa.

Kazi inaanza gari likiwa zima chini, spana zikiwa bado kwenye sanduku la zana. Vuta dipstiki injini ikiwa inaunguruma polepole, oili imepata moto wa nyuzi 70 hadi 80, baada ya kupitisha lever P mpaka L na kuirudisha P. Oili ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeshasuguana. Ikiwa na rangi ya waridi kama maziwa yaliyotiwa sharubati, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta. Hapo usidanganyike kumwaga na kujaza tena. Maji huilegeza gundi inayoshika karatasi ya klachi kwenye chuma chake, na beringi huanza kutu. Boksi lifunguliwe lote na rejeta ibadilishwe, vinginevyo unalisafisha boksi leo ili lichafuke tena kesho.

Kisha endesha gari usikilize ni gia ipi imepotea, kwa sababu gia iliyopotea inakutajia klachi. Ndani ya U340E mna klachi tatu na breki tatu (si za magurudumu, ni za kuzuia sehemu ya ndani isizunguke), pamoja na klachi mbili za upande mmoja. Klachi C1 inafanya kazi gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. C2 inafanya ya tatu na ya nne. C3 ni ya rivasi, ikisaidiana na breki B3. Kwa hiyo gari likienda mbele vizuri na kukataa rivasi, mshukiwa ni C3 au B3. Utawatenganisha hivi: weka lever L, chukua mwendo mdogo, achia mafuta. Gari likizuiwa na injini, B3 ni nzima, geukia C3. Gari likiteremka kama liko huru, B3 ndiyo mbovu. Likipoteza ya tatu na ya nne kwa pamoja, tazama C2. Likipoteza ya nne peke yake, tazama B1. Likigoma mbele kote ilhali rivasi ipo, C1 au njia ya oili inayoipelekea presha. Likigoma mbele na nyuma, achana na klachi kwanza. Ulizia kiasi cha oili, chujio, pampu na konveta, lile pipa la oili linalopokeza nguvu ya injini kwenye boksi. Fundi akishajua hayo, anafungua boksi akiwa na swali, na anajua ni pistoni gani ya kubana klachi atakayoitazama mara mbili.

Umeme nao upimwe kabla. Solenoidi za kubadilisha gia, yaani vali zinazofunguliwa na umeme, zikiwa na joto la kawaida husoma ohmu 11 hadi 15. Ile inayosimamia presha, inayoitwa SLT, husoma takriban 5.0 hadi 5.6. Nimesema takriban kwa sababu multimita za bei rahisi hujiongezea kidogo, basi gusanisha waya zake kwanza uone zinasoma ngapi, kisha toa. SLT ikiwa nzima kwa umeme lakini imekwama kwa uchafu, multimita haitakuambia. Geji ya presha ndiyo itakayosema. Wanaofanya jaribio la kukanyaga mafuta breki zikiwa zimekazwa wasizidishe sekunde 5, magurudumu yawe na vizuizi, na pasiwe na mtu mbele ya gari. Sekunde 20 za jaribio hilo zinatosha kuunguza klachi iliyokuwa imebaki nzima.

Boksi likishakubalika kushushwa, bolti sita za konveta zifunguliwe kupitia tundu la chini huku injini ikizungushwa kwa spana kwenye puli ya krenki. Boksi litoke pamoja na konveta yake. Wengi huliacha konveta likining'inia kwenye injini, na boksi likivutwa uzito wake hulalia sili ya pampu. Boksi likiwa chini, konveta lifungwe kwa kipande cha chuma lisianguke njiani na kumwaga oili.

Jambo la kwanza kufungua ni sampu, karai la oili lililo chini ya boksi, na jambo la kwanza kutazama ni zile sumaku zilizomo. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyonasa kwenye sumaku vinatoka kwenye beringi, meno ya gia au pleti za chuma. Vumbi la shaba lisiloshikwa na sumaku linatoka kwenye bushi. Ukiona shaba nyingi usiwaze klachi tu, maana bushi ikilika shafti inacheza, na shafti ikicheza inakula pampu na pete za kuzuia oili. Piga picha tope hilo kabla hujaliosha. Mwenye gari ana haki ya kuliona.

Vali bodi, bamba lenye vali zinazogawa presha ya oili kwa klachi, ndiyo inayoharibika zaidi mikononi mwa fundi kuliko barabarani. Ina vipira vidogo vya kuziba njia, na kila kimoja kina tundu lake. Kikihama tundu gia hubadilika vibaya na hutajua kwa nini. Ishushe ikiwa katika mkao uleule iliokuwa nao, usiigeuze hewani. Nyuma yake kuna pistoni za akyumuleta, za kulainisha presha gia inapoingia, zenye springi zinazofanana kwa macho lakini zinatofautiana urefu na ugumu. Funga kila moja na pistoni yake kwenye mfuko ulioandikwa. Vali ikiwa safi na imelowa oili, iteremke kwenye tundu lake kwa uzito wake mwenyewe. Ikikwama usiisugue kwa msasa, kwa sababu tundu ni la aluminiamu na utalipanua, nayo presha itapita pembeni. Na matambara yote ya pamba yawekwe mbali! Uzi mmoja ukinasa kwenye tundu la solenoidi unatosha kuifanya kazi yote kuwa bure. Osha kwa kimiminika safi, kausha kwa kompresa.

Kabla ya kuvuta pampu na mapipa ya klachi, weka saa ya kupimia (dial gauge) kwenye ncha ya shafti ya kuingiza, isukume na kuivuta, andika mchezo wake. Kipimo hiki watu hukiruka kwa kuwa hakionekani kuwa na haraka, kumbe ndicho kinachokueleza kama boksi limefungwa sawa mwishoni. Ukifunga na kukuta namba imebadilika sana, beringi moja nyembamba imewekwa kinyume au imesahaulika mezani. Zile beringi bapa zina upande wa juu na wa chini, na vikombe vyake havilingani kipenyo. Zipange kwenye kadibodi kwa mfuatano wa kutoka, kila moja ikiwa na mshale.

Sasa pampu. Huku ndiko chanzo hupatikana mara nyingi. Laza rula iliyonyooka juu ya gia zake, pitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya rula na gia. Kwenye maboksi mengi ya Toyota nafasi hiyo ikiwa mpya ni milimita 0.02 hadi 0.05, ikifika 0.1 pampu imechoka. Pampu ya namna hiyo hushika presha asubuhi boksi likiwa la baridi, halafu oili ikipata moto na kuwa nyepesi presha inashuka. Ndiyo yale malalamiko ya "gari linakwenda vizuri mpaka foleni ya jioni". Ukibadilisha klachi na kuiacha pampu hiyo, umenunua muda tu. Tazama pia mahali pete za kuzuia oili zinapozungukia ndani ya pipa. Pitisha ukucha, ukinasa kwenye mtaro, pete mpya haitaziba na pipa ndilo la kubadilishwa.

Klachi zenyewe hazina siri. Pleti ya karatasi iliyoungua ni nyeusi na inamenyeka kwa kidole, na pleti ya chuma iliyo jirani yake ina madoa ya bluu. Badilisha zote za pipa hilo, usichanganye kuukuu na mpya. Pleti mpya zilazwe ndani ya oili ya gia angalau dakika 15 kabla ya kufungwa, kwani zikifungwa kavu huungua siku ya kwanza. Mipira ya pistoni iwe mipya hata kama ya zamani inaonekana nzima. Mpira uliokakamaa hauonyeshi dosari mezani, unaionyesha ukipata presha. Ukishapanga pleti, pima nafasi iliyobaki. Kama ni kubwa au ndogo kuliko kitabu cha modeli hiyo kinavyotaka, badilisha ile pleti nene ya mwisho, ambayo hutengenezwa kwa unene mbalimbali kwa kazi hiyohiyo. Halafu ingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la klachi kwa presha ya bar 4. Pistoni igonge kwa sauti moja nzito na irudi. Ukisikia hewa ikivuja fyuu bila pistoni kugonga, mpira umekatika wakati wa kuupachika. Afadhali usikie sasa.

Kushikiza beringi na pete zisianguke, tumia mafuta ya mgando ya kujipaka yasiyo na manukato. Huyeyuka ndani ya oili bila kuacha kitu. Grisi ya magurudumu haiyeyuki vizuri, huishia kwenye chujio na kwenye matundu ya solenoidi. Kadhalika silikoni kwenye sampu yenye gasketi yake: inayominyika ndani hukatika na kufyonzwa na chujio. Gasketi mpya na bolti zilizokazwa kwa nyutonimita (Nm) 7 hadi 8 zinatosha. Hiyo ni nguvu ndogo sana, ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Anayekaza kwa mwili mzima anaikunja sampu, kisha anaitafuta silikoni.

Konveta halioshwi kwa kumiminiwa petroli na kutikiswa. Ndani yake mna klachi ya kufungia na mabaki yote ya boksi lililoungua. Lipelekwe kwa wanaolikata, kulisafisha na kulichomelea upya kwa kipimo, au libadilishwe. Mirija ya kupoza oili na kipoza chenyewe visafishwe mpaka oili itoke safi; visiposafika, badilisha. Boksi zuri lililofungwa kwenye mirija michafu linakunywa vumbi la marehemu aliyetangulia.

Kurudisha konveta ndani ya boksi kunahitaji subira. Lisukume huku ukilizungusha, litazama kwa hatua: kwanza shafti, kisha stata (gurudumu la katikati ya konveta), mwisho masikio ya pampu. Pima kwa rula kina chake kutoka ukingo wa boksi, ulinganishe na kipimo ulichochukua kabla ya kufungua. Boksi likishagusana na injini, lisogee lote kwa mkono na konveta libaki likizunguka kwa vidole. Likikataa, usilivute kwa bolti. Bolti zinalivuta, ndiyo, ila zinavunja gia ya pampu, na gari halitasogea hata hatua moja baada ya kazi yote hiyo.

Oili iwe ile iliyoandikwa kwa boksi hilo. Kwa nyingi za U340E za zamani ni T-IV ya Toyota. Kumwaga sampu peke yake hutoa takriban lita 3, ilhali boksi kavu lenye konveta tupu hunywa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo jaza kidogo, washa, pitisha gia, pima, ongeza. Oili ikizidi hupigwa povu na gia, na povu halina presha.

Kwa mwenye gari: omba uone sehemu zilizotolewa, zikiwa zimepangwa, na muulize fundi swali moja, nini kiliunguza klachi. Akijibu "uzee tu", mwambie akuonyeshe kipimo cha pampu. Ukishachukua gari, rudi baada ya kilomita 500 hivi upimiwe oili ikiwa ya moto na ukaguliwe sili za shafti za magurudumu. Ukifika kilomita 1,000 sampu ishushwe tena, sumaku zitazamwe, oili ijazwe upya. Tope jembamba kidogo hapo ni la klachi mpya zinazozoeana. Vipande vya kushikika kwa vidole si vya kuzoeana, na gari lisitoke gereji.

Fundi giaboksi,
Gerezani, Dar es Salaam