Mjomba, mgonjwa huyu aulizwe uji

Shikamoo mjomba,

Naandika hadharani kwa sababu najua mtaani kwetu, na mitaa mingine mingi ya Mombasa, wamo wazazi walio katika hali yako: mtoto anaumwa ugonjwa usioonekana kwa macho, na mzazi hajui ashike lipi aache lipi. Binti yako ameisoma barua hii kabla sijaiweka hapa, na ameridhia. Jina lake halimo, lako pia halimo.

Tangu daktari aseme ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wewe una agizo moja. Kila asubuhi unasimama mlangoni kwake: toka nje, nenda baharini, upepo utakuondoa mawazo. Tulipokuomba umpe nafasi, ukatujibu kwa kauli ya wazee, kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mjomba, bahari sina ugomvi nayo. Ninachotaka tuzungumze ni huko kumlazimisha.

Kwa upande wa bahari na miti, wanaokuunga mkono ni wengi kuliko unavyodhani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala penye dirisha linalotazama miti walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu kwa dakika 90, wengine kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita kwenye miti walirudi wakiwa wamepungukiwa na ile tabia ya kuyazungusha mawazo mabaya kichwani, na hata picha za ubongo zilionyesha utulivu katika sehemu inayohusika. Lakini hao walikuwa watu 38 tu, tena wazima. Binti yako si mzima, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti ulioongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliohoji zaidi ya watu 18,000 katika nchi 18, wakiwemo wenye sonona na wenye wasiwasi uliopitiliza. Kwa jumla, wenye maradhi hayo nao walipata furaha walipokwenda bustanini, msituni au baharini. Tena wenye sonona walikuwa wakienda mara nyingi sawa na watu wengine. Ila wale waliohisi wanasukumwa na watu wao waende, ladha iliwapungua na wasiwasi ukawazidi hukohuko walikokwenda. Nilipousoma nilikukumbuka wewe.

Binti yako ameniruhusu nikueleze linalompata. Unapomwamuru, anakwenda ili akuridhishe. Anakaa mchangani, anatazama maji, na ndani hapasikiki kitu. Anarudi na mzigo wa pili: kwamba watu wote bahari huwatuliza, yeye peke yake imemkataa. Kisha wewe unamuuliza, "Sasa si umejisikia vizuri?" Anajibu ndiyo. Sonona tayari humwambia mtu kwamba hafai kwa lolote, na safari ya amri humpa ushahidi mwingine.

Basi mwalike, mjomba. Mwambie, "Mimi natoka kupunga upepo, ukitaka twende." Akikataa, nenda peke yako, urudi bila kununa, na siku nyingine umwalike tena. Akikubali, nenda naye kweli, usimpe nauli ya tuktuk ukabaki dukani.

Na mahali pana uzito wake. Usimpeleke ufuo wa Pirates Jumapili ya mwisho wa mwezi, penye muziki, ngamia na umati, halafu ushangae akitaka kurudi nyumbani. Bustani ya Mama Ngina, asubuhi ya siku ya kazi, ni kwingine kabisa: mibuyu mikongwe, kivuli, na meli zikipita karibu sana kuingia bandari ya Kilindini. Hapo mnaweza kukaa muda mrefu bila neno, kila mmoja akitazama mbele, na hakuna atakayeona ajabu.

Mimi moyo wangu uko Haller Park kule Bamburi. Wewe unayakumbuka yale machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu ya matumbawe chini ya jua. René Haller, mtu wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti pale mwaka 1971, na mivinje ikastahimili. Majani yake yakaanguka wala hayakuoza, hadi walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu wenye wanyama. Nilipokwenda na binti yako, hakuwatazama sana twiga. Alichuchumaa njiani akawatazama hao jongoo, akaniuliza wanakula nini, wanaishi wapi. Lilikuwa swali la kwanza kulisikia kwake baada ya kimya kirefu. Sikumpongeza, wala sikumuuliza kama sasa amepona. Nilimjibu tu.

Siku asizoweza kutoka, ule mwarobaini wa uani kwenu unatosha. Mtolee mkeka chini yake, muache.

Huenda utasikia habari ya dakika 120 kwa wiki. Inatokana na uchunguzi wa 2019 wa watu karibu 20,000 wa Uingereza: waliofikisha muda huo kwenye mazingira ya asili, kwa mkupuo au kidogokidogo, walisema zaidi kwamba wana afya njema kuliko wasiokwenda kabisa. Lakini hauthibitishi kwamba matembezi ndiyo yaliyowapa afya, maana mwenye afya naye hupata nguvu za kutembea. Tafadhali usimshikie saa.

Jua nalo uliangalie. Baadhi ya dawa za maradhi ya akili hupunguza uwezo wa mwili kuvumilia joto, na nyingine huifanya ngozi iungue upesi. Msimu wa kaskazi, mchana wa Januari hadi Machi, si wakati wa kumtembeza. Muulize daktari kuhusu dawa anazotumia yeye hasa. Nendeni alfajiri au jioni, na mbebe maji.

Nimeliweka mwisho hili kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Juzi ulisema mbele ya watu kwamba akizoea kwenda pwani hatahitaji vidonge. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hivi nilivyokutajia uliosema hivyo. Matembezi yanakwenda pamoja na matibabu. Dawa za sonona zikikatwa ghafla humletea mtu kizunguzungu, kukosa usingizi na hata ugonjwa wenyewe kurudi, kwa hiyo zikipunguzwa, apunguze daktari. Siku ya kliniki ukiweza mpeleke wewe, maana amesema angependa uwe wewe. Na ikitokea akasema hataki tena kuishi, hata kwa sauti ya mzaha, siku hiyo habari ya upepo wa bahari iwekeni kando. Usimuache peke yake. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, unipigie simu hata kama ni usiku wa manane, nami nitakuja.

Mpwa wako