Kwa walimu wa chekechea na wazazi wa Tanga: msiwakatie watoto kimya chao

Wanangu,

Assalamu alaykum, na habari za siku nyingi kwenu nyote.

Juzi nilialikwa kwenye mahafali ya chekechea moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Watoto walihesabu mpaka 100 bila kukwama, wazazi tukawatunza. Kisha mwalimu akainua picha: mtoto kalowa chapachapa, mwavuli kaukunja kaubana kwapani. "Kwa nini kalowa?" Swali zuri sana hilo. Mtoto aliyeulizwa akaikodolea picha macho. Sijamaliza hata kupangusa miwani, mwalimu keshajibu mwenyewe: "Kwa sababu mvua imenyesha, siyo eeh?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Mtoto akaketi.

Mpaka leo najiuliza alikuwa ameona nini. Mwavuli anao, mvua imemlowesha vipi? Huenda katumbukia majini. Huenda mwavuli ni wa mtu, kaogopa kuutumia.

Simlaumu binti yule. Mimi nilipokuwa nafundisha hesabu nilifanya mabaya zaidi. Nauliza, nahesabu mbili moyoni, kisha "Mwingine!", na fimbo iko mezani. Wale niliowaita mabubu, sasa najua baadhi yao walikuwa katikati ya kufikiri, nami nikawakata.

Nilichojifunza nimejifunzia barazani kwangu Ngamiani, uzeeni, kwa kofia tatu. Mbili nyekundu, moja nyeupe. Niliwaonyesha wajukuu wangu wawili zote tatu, nikawafumbisha macho, nikamvika kila mmoja nyekundu, nyeupe nikaikalia. Wakafumbua macho. Kila mmoja anaiona ya mwenzake, yake haioni. "Nani anajua rangi ya kofia yake?"

Kimya. Wanatazamana. Jirani aliyekuwa anapita akasema, "Waambie bwana, unawatesa." Nikamnyamazisha kwa mkono. Mara yule wa kike, ana miaka 9, akasema, "Yangu nyekundu."

"Umejuaje?"

"Ingekuwa nyeupe, kaka angeiona. Nyeupe ni moja tu, kwa hiyo angejua yake nyekundu, angesema zamani. Mbona kanyamaza?"

Mnaona? Jibu kalitoa kwenye kimya cha kaka yake. (Ni kweli kwamba kaka angekuwa msinziaji hoja hiyo isingesimama, na bibi huyo alilisema hilo mwenyewe baadaye, kwa dharau.)

Wa chekechea kofia hizo msiwape, watachoka. Wao wapeni vikombe viwili na mbegu moja ya ubuyu. Waambieni mbegu imo ndani ya kimojawapo, funueni kilicho kitupu, mwulize iko wapi. Atakionyesha cha pili. Hapo ndipo wengi mnapiga makofi mkaondoka, na hapo ndipo kazi inaanza: umejuaje, na hujaiona? Akisema "kwa sababu humu hamna", keshajenga hoja. Akisema "nimejua tu", msimcheke, rudieni kesho.

Na vitabu vya picha msivisome kama mnakimbizwa. Funikeni maneno kwa kiganja, mwacheni mtoto aitazame picha. Ninacho kimoja chenye jahazi. Mjukuu wangu mdogo alikitazama muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia, kisha akasema mchoraji kakosea. Tanga limevimba kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, bendera ya mlingotini inapepea kuelekea tezi, yaani nyuma. "Upepo unatoka wapi, babu?" Kitabu hicho nimekisoma miaka na sikuwahi kuliona hilo, mimi mzaliwa wa pwani.

Msiniambie hamna fedha. Mafumbo ya vipande, yale ya kupanga picha, yalianzia London miaka ya 1760, John Spilsbury alipobandika ramani kwenye ubao akaikata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Nanyi bandikeni picha ya kalenda ya mwaka jana kwenye katoni, mshike mkasi. Kitendawili cha chui, mbuzi na majani ya kuvushwa mtoni kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu, hicho hakigharimu kitu. Ulaya nako kiko kwenye maandishi ya zaidi ya miaka 1,000, chui wao ni mbwa mwitu na majani ni kabichi. Huvuka mara 7, na kinachowashinda watoto ni kumrudisha mbuzi aliyekwisha kuvushwa. Waacheni wakwame hapo hata siku mbili. Mkishindwa kuvumilia, nendeni mkapike.

Wazazi, mtoto akirudi na daftari jeupe msinune kabla ya kumwuliza leo kabishana na mwalimu juu ya nini.

Vitabu vyangu viko kabatini, baada ya alasiri nipo barazani kila siku isipokuwa Ijumaa. Mwalimu anayetaka aje achukue kimoja. Cha jahazi kimetoka jalada, kishikwe taratibu.

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga