Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu: vipimo vya paneli zilizofungwa hapa vibaki hapa

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: MKATABA MPYA WA UTAFITI WA PANELI ZA UMEME NA MAJI YA MOTO

Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha masjala hazijajibiwa, na tumesikia kwamba mkataba wa awamu ya pili na washirika wa Ulaya umeshafika mezani kwako unasubiri saini. Kabla hujausaini, tunaomba ujue kilichotokea juu ya paa la hospitali ambako awamu ya kwanza ilifungwa.

Wiki iliyopita umeme wa gridi ulikatika mchana, jua likiwa kali. Inveta ya pale, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika kwenye laini ya kawaida, ni ya kufuata gridi: gridi ikizima, nayo inajizima, ili isirudishe umeme kwenye nyaya wakati kuna fundi juu ya nguzo. Hilo ni sahihi na hatuna ugomvi nalo. Kosa ni kwamba pampu ya kuzungusha maji nyuma ya paneli ilichukua umeme kwenye laini hiyo hiyo. Pampu ikasimama, maji yakalala kwenye mirija, na kwa kuwa paneli hizi zina kioo cha pili kwa juu, joto likakosa pa kutokea. Paneli ya namna hiyo maji yakisimama hupita nyuzi joto 100 kwa urahisi. Valvu ya usalama ikafunguka, mvuke ukatoka, na sasa gundi ya plastiki iitwayo EVA, inayoshika seli zinazotoa umeme, imeanza kuachia. Mapovu yanaonekana kwa macho kwenye kona za paneli. Pembezoni gundi imeshakuwa ya njano, na hiyo haiwi kwa siku moja, kwa hiyo tunaamini paneli zimeungua hivi mara nyingi bila mtu kujua.

Kinga yake haikuwa ghali: pampu ndogo ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu) inayoendeshwa na paneli yake yenyewe, jua likiwaka inazunguka, gridi iwepo isiwepo. Pamoja nayo, tenki la kupanuka lenye ukubwa wa kupokea maji yanayosukumwa na mvuke. Fundi yeyote wa hapa angeulizwa kama umeme hukatika mchana, angejibu.

Tulipotaka kujua joto lilifika ngapi, hakuna aliyeweza kutuambia. Vipimo vyote vilikuwa vikitumwa kwa laini ya simu kwenda kwenye seva ya nje, na mradi ulipoisha akaunti ikafungwa. Kisanduku bado kipo ukutani, taa yake ya kijani inawaka, nywila hakuna anayeijua. Siku ya uzinduzi ulisema, mbele ya wauguzi na mafundi, kwamba vipimo vitakuwa mali ya Watanzania. Tunakukumbusha maneno hayo kwa sababu tuliyaamini.

Huenda umeambiwa kwamba vipimo vya Ulaya vinatosha. Havitoshi. Paneli ya namna hii, iitwayo PVT, hutoa umeme mbele na maji ya moto nyuma, na vitu hivyo viwili vinavutana. Chukua paneli ya mita 2 za mraba, wati 400, inayopoteza asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Ikifika nyuzi 65 juani, inabaki na wati 344. Ukiipoza ikabaki 45, inatoa 372. Nyongeza ni wati 28 tu. Faida kubwa iko kwenye maji: ukipitisha lita 100 kwa saa, yakaingia na kutoka na tofauti ya nyuzi 5, umevuna karibu wati 580 za joto. Lakini ukidai maji ya nyuzi 60 moja kwa moja kutoka kwenye paneli, seli nazo zitakaa juu ya 60 na ile nyongeza ya umeme inapotea. Hospitali inahitaji tenki la nyuzi 60 ili kuua bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu. Kazi ya PVT pale ilikuwa kupasha maji hadi 45, kisha hita imalizie. Kwa lita 300 kutoka nyuzi 25, hizo ni takriban kilowati-saa 7 kutoka juani na 5 kutoka kwenye hita. Waliochora mfumo walitaka zote 12 kutoka kwenye paneli, ndiyo maana tunadhani waliweka kile kioo cha pili.

Sasa, paneli isiyo na kioo cha pili ingefaa hapa? Jibu linategemea upepo na hali ya anga. Paneli ya wazi hupoteza joto kwa upepo, na hupoteza joto kuelekea angani. Anga ya pwani yenye unyevu hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo, ilhali anga kavu ya kanda ya kati hairudishi kiasi hicho. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha upimaji, ISO 9806 cha mwaka 2017, kinataka paneli za wazi zipimwe kwa kasi mbalimbali za upepo. Paneli ile ile itatoa namba moja Dar es Salaam na nyingine Dodoma, na bila vipimo vya hapa tunabahatisha.

Na maji ya kanda ya kati yana chokaa. Yakipita moja kwa moja kwenye mirija myembamba nyuma ya paneli, yanaganda humo na mtiririko unashuka kidogo kidogo. Panatakiwa mzunguko uliofungwa na koili ndani ya tenki. Pale umewekwa, tunashukuru, ila ulijazwa kimiminika cha kuzuia barafu, mahali pasipo na barafu. Kimiminika hicho ni kizito kuliko maji, hubeba joto kidogo zaidi na huichosha pampu. Kilichohitajika ni maji laini na dawa ya kuzuia kutu, hasa palipo na alumini na shaba kwenye mzunguko mmoja.

Hatupingi ushirikiano. Shirika la Nishati la Kimataifa lina programu ya kupasha na kupoza kwa jua tangu 1977, na mradi wake wa utafiti namba 60 (Task 60), uliohusu PVT pekee, ulifanyika 2018 hadi 2020. Kituo cha nishati jadidifu cha Afrika Mashariki, EACREEE, kipo Kampala. Waaustria wamefanya kazi na nchi za kusini mwa Afrika katika programu ya joto la jua iitwayo SOLTRAIN tangu 2009, na mafunzo ya mafundi ni sehemu ya programu hiyo. Inawezekana.

Kwa hiyo tunaomba mkataba utamke kwamba vipimo ghafi, vya kila dakika, vinahifadhiwa kwenye kompyuta iliyo nchini, na nywila inakabidhiwa kwa maandishi kwa chuo cha hapa nchini kinachoshiriki na kwa hospitali. Vipimo vyenyewe viwe vya kuaminika: mwanga wa jua kwenye mwinamo ule ule wa paneli, upepo, joto la hewa, mtiririko, na jozi ya sensa za joto za PT100 zilizosawazishwa kwa pamoja, kisha zikazamishwa ndani ya bomba. Pale zimefungwa nje ya bomba kwa vifungio vya plastiki. Tofauti inayopimwa ni nyuzi 5, kwa hiyo sensa ikikosea nyuzi 1 hesabu yote ya joto imekosea asilimia 20. Na vipuri: valvu, pampu ya akiba, sensa, vikabidhiwe siku ya kwanza.

Ikiwa yote hayo hayawezekani, tunaomba hilo la kwanza tu. Vipimo vibaki hapa. Kipengele hicho kikikosekana, tunakuomba kwa heshima usisaini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi na wahandisi wa mifumo ya nishati ya jua